Joash Angwenyi na Aya ya Tisa

Samansi ilimkuta Joash Angwenyi kwenye mashine yake ya kusaga unga, siku ya soko pale Rodi Kopany, wakati foleni ya wanawake wenye debe na gorogoro za mahindi ilikuwa imepita mlango na kufika kwenye ukuta wa duka la jirani. Aliyeileta alikuwa mwanamume wa makamo mwenye bahasha kwapani. Alisimama mlangoni akauliza kwa sauti kubwa, ya kushindana na injini, ni nani hapo anaitwa Joash Angwenyi. Joash akaizima mashine ili amsikie vizuri. Yule mtu hakuishusha sauti yake.

"Hii ni ya korti ya watoto, Migori," alisema, na kila mtu akasikia. "Ni bibi yako amekushtaki. Weka sahihi hapa."

Joash alitia sahihi, vidole vyake vikiacha alama za unga kwenye karatasi. Hakuna aliyecheka wala kuuliza. Baada ya kitambo Dorine, mama wa Kijaluo aliyekuwa jirani yake kwa miaka kumi na mitatu, alisema kwa upole kutoka kwenye foleni, "Washa basi, wuon Nyanchoka. Jua linaenda." Ndivyo alivyomwita siku zote, baba Nyanchoka, kwa jina la bintiye wa pekee.

Aliwasha. Alisaga mpaka saa kumi jioni bila kuinua macho.

Tangu Agosti alikuwa akiwaambia watu kwamba mkewe Kezia amekwenda Migori kumuuguza shangazi yake, na kwamba Nyanchoka, mwenye miaka kumi na mmoja, amehamishiwa shule ya huko kwa muda tu. Aliyasema hayo hata kanisani. Joash alikuwa mzee wa kanisa la Wasabato. Alikuja Rodi Kopany akiwa kijana kutoka upande wa Kisii, akaajiriwa kwenye mashine hiyo hiyo ambayo baadaye aliinunua, na kidogo kidogo watu wakazoea kumtegemea. Vijana waliotaka kuoana walitumwa kwake. Wanandoa waliogombana waliketi kwenye makochi yake, naye akawauliza maswali taratibu huku Kezia akiwapitishia chai. Wakati huo hakuwahi kujiuliza Kezia aliyasikiaje maneno yale.

Jioni ile alijifungia chumbani akazisoma karatasi. Kezia aliomba mtoto akae naye, na baba amwone kwa ruhusa ya mahakama tu. Nyuma ya maombi kulikuwa na hati ya kiapo, maneno ya Kezia yaliyopangwa kwa aya zenye nambari. Joash alisoma ya kwanza hadi ya saba. Alipoona ya nane na ya tisa zinahusu nini, aliikunja ile hati na kuirudisha ndani ya bahasha.

Wiki iliyofuata alikwenda Homa Bay, kwenye ofisi ndogo ya msaada wa kisheria aliyokuwa amesikia ikitajwa redioni. Alivaa suti yake ya Sabato. Ndani ya mkoba alibeba barua ya mchungaji, picha za Nyanchoka akibatizwa, ripoti zake za shule, na daftari ambalo alikuwa amelijaza kurasa kumi na moja za makosa ya Kezia.

Aliyempokea aliitwa Filister, mama wa miaka hamsini hivi, msaidizi wa kisheria. Alimwambia mapema kwamba yeye si wakili. Kazi yake ni kumsaidia mtu aielewe kesi yake na apange maneno yake kabla hajafika mbele ya hakimu.

"Unataka nini, Bwana Angwenyi?"

"Mtoto wangu. Mimi ndiye baba. Kwetu mtoto ni wa baba, na ng'ombe nilipeleka, zote."

"Hakimu hatauliza ng'ombe," alisema Filister. "Sheria ya watoto siku hizi inawaweka baba na mama sawa. Wote wawili mna wajibu kwa huyo mtoto, hata kama hamkuoana kabisa. Kitu korti inatafuta ni kimoja, huyu mtoto atakuwa salama wapi na atakua vizuri wapi. Kwa hivyo usijiandae kumshinda mama yake. Jiandae kueleza maisha ya mtoto akiwa na wewe. Nani atamtayarisha asubuhi? Akiugua wewe ukiwa kwa mashine, nani atampeleka hospitali? Na ujue afisa wa watoto atatembelea nyumba zote mbili, aandike ripoti yake. Mtoto mwenyewe pia anaweza kuulizwa."

Joash alimsukumia daftari. Filister alilisoma bila haraka, akilamba kidole kila alipofungua ukurasa.

"Ukurasa wa saba umeandika aliunguza mboga."

"Ilikuwa mara mbili."

Filister alimtazama juu ya miwani, na Joash akasikia jinsi neno lile lilivyotoka kinywani mwake. Mtu mzima, mwenye suti, amepanda gari kutoka Rodi Kopany kuja kusema mboga ziliungua mara mbili. Alijikuta anaangalia viatu vyake.

"Hili tuliweke kando," Filister alisema. "Sasa hii hati ya mkeo. Kila aya lazima uijibu. Unakubali, unakana, ama unasema hujui. Usipoijibu, korti inaweza kuona umekubali."

Zile saba za kwanza zilipita haraka: walioana lini, mtoto alizaliwa lini, waliishi wapi. Walipofika ya nane Joash akasema, "Hiyo ruka."

"Hairukiki."

Akaisoma kwa sauti ya kawaida, kama anayesoma tangazo. Kwamba mwaka jana mwezi wa Mei, Kezia alipokuwa akisoma masomo ya watu wazima ili afanye mtihani wa kidato cha nne, mumewe alimfuata kwenye chumba cha mashine, akampokonya vitabu na kumsukuma, Kezia akaangukia chuma cha mashine na mkono wake wa kushoto ukavunjika. Aya ya tisa ilikuwa fupi. Kwamba wakiwa njiani kwenda hospitali, mume alimfundisha mtoto wao aseme mama aliteleza kisimani, na mtoto akasema hivyo.

Ilikuwa kweli yote. Hata chanzo chake alikikumbuka. Sabato iliyotangulia, akisoma tangazo la Kiingereza mbele ya kanisa, alikosea neno, na Kezia akamrekebisha kutoka kwenye benchi, kwa sauti ndogo, akidhani anamsaidia. Watu wawili watatu walitabasamu. Joash, ambaye shule yake iliishia darasa la nane, alilibeba tabasamu lile kwa siku nne. Siku ya tano akamkuta na vile vitabu, ameketi juu ya gunia.

Lakini hilo halikuwa lile lililomkosesha usingizi. Wakiwa kwenye pikipiki ya kukodi, Kezia amekaa nyuma ya dereva akiuma kanga kwa maumivu, Joash aliinama na kumwambia Nyanchoka, aliyebanwa katikati yao, maneno ya kusema. Alimfanya arudie mara tatu mpaka akayashika. Muuguzi alipouliza, mtoto alijibu bila kukwama: mama alikuwa anachota maji, kukawa na matope, akateleza, akaangukia jiwe. Jiwe aliliongeza mwenyewe. Muuguzi akamsifu kwamba ni mtoto mwerevu anayejieleza vizuri. Na Joash, pale pale kando ya kitanda, alijisikia fahari. Hilo hakuwahi kumwambia mtu.

"Andika nakana," alimwambia Filister. "Zote mbili."

Filister alichukua penseli badala ya kalamu. "Nitaandika hivi kwanza. Hii ni kiapo, utaapa mbele ya kamishna wa viapo kwamba ni kweli. Nenda ufikirie. Na kama una shahidi, mtu aliyewaona mkiishi, mlete tuongee naye."

Shahidi aliyemfikiria ni Dorine. Alikwenda kwake Jumapili asubuhi, akamkuta akichambua dagaa wa omena kwenye ungo. Dorine akampa kiti, akampa uji. Joash alizunguka sana kabla ya kufika kwenye neno lenyewe: kwamba angetaka Dorine aje Migori, aseme tu alivyomjua, mtu wa amani, mtu wa kanisa.

Dorine aliendelea kuchambua.

"Mimi sina ubaya na wewe," alisema mwishowe. "Pesa zangu zikipungua wewe hunisagia, sijasahau. Lakini nikikuja huko wataniuliza. Na wakiniuliza nitasema."

"Utasema nini?"

"Wuon Nyanchoka, ukuta wa mashine yako ni mabati. Siku ile tulikuwa wanawake wanne nje, tunangoja ufungue. Tulisikia vitabu vikianguka, halafu tukamsikia Kezia. Tukaondoka na mahindi yetu."

Joash alikuwa ameshika kikombe cha uji. Wanawake wanne. Na kesho yake walirudi wote, wakampa mahindi yao, wakamsalimia, wakamwuliza hali ya mgonjwa, naye akawaambia habari za kisima na matope. Mwaka mzima na zaidi waliupokea ule uongo mikononi mwake pamoja na unga. Alimtazama Dorine usoni akaona hana hasira, ana huruma tu, na huruma ile ilimchoma zaidi.

"Kwa nini hamkusema?"

"Tumwambie nani? Mambo ya nyumba zetu si yalikuwa yanaletwa kwako?"

Hakuumaliza uji.

Jumapili mchana ndiyo saa aliyoruhusiwa na Kezia kuzungumza na bintiye, kwa simu ya Metrine, yule shangazi wa Kezia wa Migori. Alifunga mlango wa mashine akaketi juu ya gunia tupu. Hata baada ya maneno ya Dorine bado alikuwa na mpango wake. Shahidi akikosekana, mtoto yupo. Nyanchoka alimpenda, hilo alilijua. Angemwambia tu, kwa upole, kwamba ikiwa hakimu atamwuliza anataka kukaa wapi, aseme kwa Tata, yaani kwa baba yake.

Waliongea habari za shule. Nyanchoka alikuwa wa nne darasani. Kisha Joash akaanza.

"Nyanchoka, wewe unajua kuna mambo ya korti?"

"Najua, Tata."

"Kuna mama hakimu, ama bwana hakimu, anaweza kukuita mkae mzungumze."

"Ndiyo." Kisha mtoto akauliza, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kujitayarisha kwa kazi, "Nisemeje, Tata? Niambie polepole nishike."

Upande wa pili Joash alisikia karatasi, akaelewa kwamba mtoto alikuwa ametafuta daftari na kalamu. Hakuwa akilia wala kuogopa. Alikuwa anangoja tu, kama anavyongoja mwanafunzi mwalimu ataje sentensi ya imla. Ingawa alikuwa peke yake mle ndani, Joash alijifunika uso kwa mkono.

"Tata? Simu imekatika?"

"Haijakatika. Hakuna cha kushika. Akikuuliza, mwambie vile ilivyokuwa."

"Hata ya kisima?"

"Hata hiyo. Mwambie ni mimi nilikufundisha. Mama yako hakuteleza."

"Sawa," Nyanchoka alisema, na sauti yake ilikuwa ya mashaka, kana kwamba anajiuliza kama huo nao ni mtego.

Alhamisi Joash alirudi Homa Bay, safari hii bila suti. Alimwambia Filister afute ile penseli aandike anakubali, aya ya nane na ya tisa. Filister hakuandika mara moja. Alimpeleka kwanza kwa wakili aliyekuja kujitolea pale siku za Alhamisi, mwanamume aliyezungumza haraka haraka.

"Unaelewa unachofanya? Ukikubali hili, mkeo anaweza kulipeleka polisi, na hati hii itakuwa ushahidi. Na ulezi wa mtoto, nikuambie ukweli, karibu utakuwa umeupoteza. Hakuna mtu anaweza kukulazimisha ujitie hatiani."

"Naelewa."

"Kwa nini basi?"

"Nikikana," alisema Joash, "mtoto atapelekwa kusema mimi ni mwongo. Ama atasema uongo tena kwa ajili yangu. Yeye yuko tayari. Alikuwa na kalamu."

Wakili hakuelewa habari ya kalamu, lakini hakuuliza zaidi. Filister akaandika kwa wino.

Kesi ilisikizwa Migori mwezi wa Februari, faragha, kama zinavyosikizwa kesi za watoto: hakimu, ambaye alikuwa mwanamke, karani, afisa wa watoto, Kezia na wakili wake, na Joash peke yake upande wa pili. Alikuwa hajamwona Kezia kwa miezi sita. Kezia alikuwa amenenepa kidogo, na Joash, aliyetegemea kumkuta amedhoofika kwa kukosa nyumba, aliona haya kwamba alikuwa ametegemea hivyo.

Ripoti ya afisa wa watoto ilisomwa. Ilisema nyumba zote mbili ni safi, na shule zote mbili ziko karibu. Ilisema pia kwamba mtoto anampenda baba yake, lakini akizungumza naye husubiri kwanza ajue baba anataka jibu gani. Sentensi ile ilisomwa kama zile nyingine, karani akaendelea na iliyofuata. Joash alibaki nayo.

Hakimu akamgeukia. "Umekubali aya ya nane na ya tisa. Ulielezwa maana yake?"

"Nilielezwa, Mheshimiwa."

"Nataka nisikie mwenyewe."

Akasimama. "Nilimvunja mkono," alisema. "Hakuteleza. Nilikuwa na hasira kwa sababu alinizidi kusoma."

"Na mtoto?"

"Nilijua muuguzi hataniamini mimi. Nikamtumia mtoto." Kezia alikuwa ameinamisha kichwa, mkono wa kushoto umelala juu ya meza. "Halafu aliposema vizuri nikafurahi, Mheshimiwa. Nilifurahi."

Hilo halikuwa kwenye hati yoyote. Hakimu aliandika kitu, akaandika kwa muda mrefu, na Joash akabaki amesimama hadi alipoambiwa aketi.

Uamuzi ulitolewa wiki tatu baadaye. Mtoto akae na mama yake. Mambo makubwa ya maisha yake, shule na matibabu, wazazi wayaamue wote wawili. Baba amwone kwa muda wa saa mbili kila Jumapili ya pili, nyumbani kwa Metrine, Metrine akiwepo, kwa miezi sita, na katika muda huo ahudhurie ushauri nasaha. Baada ya hapo mahakama itaangalia tena. Polisi Kezia hakwenda. Hakueleza kwa nini, na Joash hakuona kama ana haki ya kuuliza.

Walikutana ukumbini wakitoka. Joash alisimama kando ampishe. Kezia alipita, kisha akarudi hatua mbili.

"Ungesema hivyo siku ile hospitalini," alisema, "mimi ningerudi nyumbani na plasta yangu nikiwa nimekusamehe." Hakuonekana kungoja jibu. Aliuweka mkoba begani akaondoka.

Sabato iliyofuata Joash alimwomba mchungaji dakika mbili. Mchungaji alishauri ajiuzulu kwa barua, kimya kimya, yaishe. Joash akasema kwamba alipowaambia watu uongo alisimama pale mbele. Basi akasimama pale mbele akawaambia ukweli. Wengine waliinama, mzee mmoja akatoka nje. Dakika mbili hazikuisha. Maneno yalikuwa machache kuliko alivyodhani. Kwa miezi kadhaa baadaye alikaa kwenye benchi la nyuma karibu na mlango, na wanandoa waliogombana wakapelekwa kwingine. Wateja wa mashine hawakupungua. Hilo nalo lilimwia gumu; angependelea wamwadhibu kidogo.

Jumapili zake alizishika zote. Metrine alikuwa mwanamke mkavu, asiyemficha mtu chuki yake. Alimwekea Joash kiti karibu na dirisha, akaketi mkabala naye na kazi yake ya kushona, akamsikiliza kila neno. Mara ya kwanza Nyanchoka alisimama mlangoni muda wote. Mara ya pili aliketi. Alijibu maswali kwa neno moja moja, macho yake yakimpima baba usoni kabla ya kila jibu, na Joash akajifunza kuuliza yale tu ambayo hayana jibu baya: ni nini mlikula jana, rafiki yako anaitwa nani.

Jumapili moja ya mwezi wa Juni alifika akaambiwa mtoto amelala; walikuwa na mashindano ya riadha Ijumaa, bado amechoka.

"Nimwamshe," alisema Metrine. "Ni saa zako. Korti imekupa."

"Mwache alale."

"Saa mbili zitaisha."

"Ziishe tu, Mama."

Metrine alimtazama kama anayetafuta hila. Kisha akaenda jikoni, akarudi na chai, akaiweka kwenye stuli bila kusema karibu. Joash alikunywa. Kutoka chumba cha ndani alisikia kitanda kikilia mtoto alipojigeuza, kisha kikatulia. Saa tisa, muda wake ulipokwisha, alikirudisha kikombe jikoni mwenyewe, akaaga, akashuka barabarani kutafuta gari la Rongo, la kuanzia safari ya kurudi nyumbani.